Wapiganaji Ndani ya Nukta Themanini

Crawfish Interactive ilikuwa kampuni ndogo ya Uingereza iliyotengeneza gemu za mashine za mkononi, hasa Game Boy Color na Game Boy Advance. Ilianza 1997, ikafungwa 2002. Wanaoikumbuka huitaja upesi kama kampuni ya kunakili kazi za wengine. Hukumu hiyo naiona ya uonevu, na ushahidi umo ndani ya kaseti zenyewe. Tazama gemu ya kupigana ya Street Fighter Alpha, ambayo Capcom waliitoa 1995 kwa mashine kubwa za kumbi za michezo, zenye vitufe 6 vya kupigia, 3 vya ngumi na 3 vya mateke. Crawfish waliihamishia Game Boy Color, yenye viwili tu. Skrini yake ni nukta (pikseli) 160 kwa 144, na picha zinazotembea huundwa kwa vipande vyenye upana wa nukta 8, visivyozidi 10 kwenye mstari mmoja. Yaani kila mstari unabeba nukta 80 za wapiganaji, wote wawili kwa pamoja. Kinachozidi hapo hakionekani. Mpiganaji Ryu wa ukumbini hapenyi kwenye tundu hilo. Ilibidi kuamua upya kifua chake kiwe kipana kiasi gani, na teke lipi libaki.

Patakuwa na wa kupinga: ubunifu ni kuzua wahusika, na majina yaliyoipa Crawfish riziki yalikuwa ya watu wengine. Ni kweli. Lakini Street Fighter Alpha 3 yao ya Game Boy Advance, iliyotoka 2002, ina wapiganaji Eagle, Maki na Yun, ambao hawakuwamo katika gemu ya ukumbini ya 1998. Baadhi ya muziki na viwanja viliachwa, na hapo pia palitakiwa jicho la fundi, maana kukata vibaya kungeua pambano lenyewe. Mwingine atauliza: kama walikuwa hodari hivyo, mbona walifunga mwaka uleule? Uhodari haukuwa mtaji katika biashara ile. Hakimiliki ilikuwa ya mwenye jina, na utengenezaji wa kaseti ulidhibitiwa na Nintendo, wenye Game Boy. Fundi wa mkataba alilipwa kwa kazi. Ikiisha, anatafuta nyingine. Kwenye boksi la gemu yao bora, nembo inayoonekana kwanza ni ya Capcom.