Naizesheni: Rangi, Uraia na Sifa za Kazi Tanganyika

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Waafrika walishika takribani robo tu ya nafasi za juu na za kati serikalini. Kuwapa wenyeji nafasi zilizobaki kuliitwa uafrikanishaji. Mitaani neno la Kiingereza, Africanisation, likakatwa kichwa, likawa naizesheni.

Robo hiyo haikutokana na uhaba wa vipaji. Wakoloni walitenganisha watu kwa rangi tangu shuleni: watoto wa Kizungu kwao, wa Kiasia kwao, wa Kiafrika kwao, na mtoto wa Kiafrika ndiye aliyepata fungu dogo kuliko wote. Hata aliyepenya mpaka Chuo cha Makerere, Uganda, akahitimu hakulipwa sawa na mwenzake. Tume ya Holmes, iliyochunguza mishahara ya watumishi wa Afrika Mashariki, mwaka 1948 iliridhia kwamba asiye Mzungu alipwe sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu katika kazi ileile. Tume ya Lidbury ya 1954 ilipendekeza ngazi za rangi ziondolewe, lakini mtumishi aliyetoka ng'ambo akaongezewa posho yake. Kwa hiyo mwaka 1961 aliyetaka kazi zitolewe kwa vyeti peke yake alikuwa akitumia mizani iliyokwisha kuchezewa. Dai la naizesheni lilikuwa dai la haki.

Swali gumu lilikuwa jingine: haki hiyo imfikie Mwafrika, au raia? Zuberi Mtemvu alikwishajitenga na TANU, chama kilichoongoza harakati za uhuru, mwaka 1958 na kuunda African National Congress, chama kilichotaka nchi iwe ya Waafrika tu. Kwenye kura chama hicho hakikufua dafu, ila hoja yake ilikuwa na wafuasi ndani ya TANU yenyewe. Muswada wa uraia ulipofika bungeni Oktoba 1961, baadhi ya wabunge walitaka asiye Mwafrika asipewe uraia kwa urahisi. Waziri Mkuu, Julius Nyerere, aliwajibu kwa ukali usio wa kawaida yake. Aliwafananisha wanaompima mtu kwa rangi na Hitler, akaahidi kwamba muswada ukikataliwa serikali yake itajiuzulu. Ukapita.

Januari 1962 Nyerere aliacha uwaziri mkuu na kumwachia Rashidi Kawawa, aliyekulia katika vyama vya wafanyakazi. Chini ya Kawawa naizesheni ilishika kasi. Waingereza wengi walichukua fidia na kuondoka, na Elangwa Shaidi akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza jeshi la polisi. Katika kugawa nafasi, Mwafrika alitangulizwa mbele ya raia mwenye asili ya Asia au Ulaya.

Tarehe 7 Januari 1964 Nyerere, sasa Rais, alitoa waraka wa kukomesha upendeleo huo. Hoja yake ni kwamba kumtanguliza Mwafrika kulihitajika ili kurekebisha yaliyopita, lakini hakungeweza kuwa sheria ya kudumu. Tangu hapo raia wote wangeajiriwa, kufunzwa na kupandishwa vyeo bila kuangaliwa asili. Viongozi wa wafanyakazi waliupinga waraka huo.

Siku 13 baadaye, askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Waraka haukuwa chanzo cha uasi huo. Kikosi kilikuwa bado kinaongozwa na maofisa wa Kiingereza, na askari wa kawaida alilipwa shilingi 105 kwa mwezi. Walidai 260, na walidai maofisa hao waondoke. Naizesheni iliyowafikia makarani na mabwana shauri ilikuwa haijafika kambini, na serikali ililipa gharama ya kuchelewa huko kwa aibu kubwa: tarehe 25 Januari ililazimika kuwaita wanajeshi wa Uingereza wazime uasi. Vikosi vya zamani vilivunjwa. Jeshi jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), lilizaliwa Septemba 1964 chini ya Mrisho Sarakikya.

Waraka wenyewe haukufutwa. Katika uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, na Derek Bryceson, mwenye asili ya Kiingereza, walishindana na Waafrika mbele ya wapiga kura ambao wengi mno walikuwa Waafrika. Wote wawili walishinda, wakarudi kwenye baraza la mawaziri.