Itara: Kuni Juu ya Moto katika Nyumba ya Wakikuyu
Katika nyumba ya jadi ya Wakikuyu wa Kenya ya kati, kuni zilikaushwa juu ya itara, yaani uchaga wa fito uliojengwa juu ya mafiga, ambapo joto na moshi viliondoa maji yaliyosalia katika mti na kufukuza wadudu, hata mvua za masika zisiweze kuzima moto wa mpishi. Si haki, basi, kuuita uchaga huo ghala tu. Wakati wa ukoloni, mti wa muwati, wenye asili ya Australia, uliongeza kuni za kukaushwa hapo, ingawa wakoloni waliuthamini kwa magome yake ya kutengenezea ngozi. Kuanzia 1954, serikali ya kikoloni ilipowakusanya watu zaidi ya milioni moja katika vijiji vya lazima, nyumba nyingi zilibomolewa pamoja na itara zake.