OPRAS: Miaka Ishirini ya Kupima Kazi ya Mtumishi wa Umma

Julai 2024 ilitimia miaka 20 tangu Serikali ya Tanzania ilipoanza kutumia Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, ambao watumishi wengi waliufahamu kwa jina moja tu la OPRAS. Ulipofika mwezi huo, fomu zake zilikuwa zimekwishaondolewa maofisini na nafasi yake kuchukuliwa na mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Kuondoka kwa fomu hiyo kunastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndani yake lilikuwamo wazo ambalo utumishi wa umma nchini haukuwahi kulijaribu kwa ukamilifu.

Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, kazi ya mtumishi ilipimwa kwa taarifa ya siri, utaratibu uliorithiwa kutoka utawala wa Waingereza, ambapo mkuu wa kazi alijaza maoni yake kila mwaka kuhusu tabia na bidii ya aliye chini yake, kisha maoni hayo yakahifadhiwa katika jalada ambalo mhusika hakuruhusiwa kulifungua. Aliyepandishwa cheo hakujua kilichompandisha, na aliyebaki palepale hakuwa na njia ya kujitetea kwa sababu hakujua alichotuhumiwa. Utaratibu huo uliwalea wakuu wasiohojiwa na watumishi waliojifunza kumpendeza bosi kabla ya kumhudumia mwananchi.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Programu ya kwanza ya mageuzi ya utumishi wa serikali, iliyoanza mwaka 1991, ilishughulika zaidi na kupunguza watu, na idadi ya watumishi ikashuka kutoka takriban 355,000 mwaka 1992 hadi chini ya 280,000 mwishoni mwa muongo huo. Sera ya Menejimenti na Ajira katika Utumishi wa Umma ya mwaka 1999, Programu ya Kuboresha Utumishi wa Umma iliyoanza mwaka 2000 na Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002 ndizo zilizohamisha mkazo kutoka kwenye idadi ya watu hadi kwenye matokeo ya kazi zao. Kisha ukaja Waraka wa Utumishi Na. 2 wa mwaka 2004, ulioizika rasmi taarifa ya siri.

Fomu ya OPRAS yenyewe inafaa kusomwa kwa utulivu. Mwezi Julai mtumishi na msimamizi wake walitakiwa kukaa pamoja na kukubaliana malengo ya mwaka, shabaha za kila lengo, vigezo vya kupimia na nyenzo zitakazohitajika; Desemba walitakiwa kuyapitia na kuyarekebisha pale hali ilipobadilika; na Juni walitakiwa kufanya tathmini ya mwisho. Alama zilianzia 1 hadi 5, na ile ya 1 ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote. Kwa alama hizo palikuwa na safu tatu: ya alama ambazo mtumishi alijipa mwenyewe, ya alama za msimamizi, na ya alama ambazo wawili hao walikubaliana. Sehemu iliyofuata ilipima sifa kama vile mawasiliano, uwajibikaji, kumjali mteja na uadilifu, na sehemu ya mwisho ilihusu tuzo au hatua za kuchukua.

Safu ile ya tatu ndiyo iliyobeba mageuzi yote, kwa sababu ilimlazimu mkuu wa idara kueleza hukumu yake mbele ya anayehukumiwa, na safu ya nyenzo, iliyokuwa kando ya malengo, ilimlazimu mwajiri kuandika alichoahidi kutoa. Afisa ugani aliyepanga kuwatembelea wakulima, kisha pikipiki yake ikakosa mafuta kwa miezi mitatu, alikuwa na mahali pa kuonyesha kwamba kukwama kwake hakukutokana na uvivu. Lakini haikuchukua muda mrefu kabla ya mazungumzo hayo kugeuka kuwa karatasi tu. Katika ofisi nyingi fomu zilijazwa kwa mkupuo mwisho wa mwaka, au mtumishi alipozihitaji ili apandishwe daraja, malengo yakinakiliwa kutoka fomu ya mwaka uliopita, huku fedha zilizotajwa katika safu ya nyenzo zikichelewa au zisifike kabisa. Aliyefanya vizuri na aliyeboronga walipokea mshahara uleule, na sehemu ya tuzo ikabaki bila kazi.

Ni katika hali hiyo ya kukata tamaa ndipo mwaka 2013 ulipoleta kipimo cha aina nyingine kabisa, cha kuzipima shule kwa matokeo ya mitihani. Februari ya mwaka huo yalitangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, ambapo zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri, na nchi ikashikwa na simanzi na hasira. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, na mwezi Mei Serikali ikatangaza Bungeni kwamba matokeo hayo yamefutwa na yatapangwa upya, kwa maelezo kwamba mwaka huo ulikuwa umetumika utaratibu mpya wa kupanga madaraja ambao haukuwa na maandalizi ya kutosha. Yalipotangazwa tena, ufaulu ulikuwa umepanda kutoka takriban asilimia 34 hadi 43. Hakuna mtahiniwa aliyeandika jibu jipya, wala mwalimu aliyefundisha kipindi cha ziada. Kilichobadilika ni kipimo.

Wakati huohuo Rais Jakaya Kikwete alikuwa akizindua mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, uliofuata mfano wa Malaysia wa kuchagua sekta chache, kuziwekea malengo ya namba na kuyafuatilia kutoka ofisi ya juu kabisa ya nchi. Sekta za mwanzo zilikuwa sita: elimu, maji, nishati, kilimo, uchukuzi na ukusanyaji wa mapato. Kwa elimu, lengo lilikuwa kufikisha ufaulu asilimia 60 mwaka 2013, 70 mwaka 2014 na 80 mwaka 2015. Shule zilipangwa hadharani kwa matokeo ya mitihani na kupewa rangi tatu: kijani kwa zilizofanya vizuri, njano kwa za kati na nyekundu kwa zilizovuta mkia.

Athari za upangaji huo kwa shule za msingi zilichunguzwa na wachumi watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, na walichokigundua kingepaswa kubandikwa katika kila ofisi inayotunga vigezo. Shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao ziliongeza alama, jambo linaloonyesha kwamba aibu ya hadharani ina nguvu ya kuwasukuma watu. Lakini katika shule hizohizo idadi ya wanafunzi waliofika chumba cha mtihani ilipungua. Wastani wa shule hupanda mtoto dhaifu anapobaki nyumbani, na hakuna rangi iliyowekwa kuonyesha mtoto huyo alikwenda wapi. Huo ndio ubaya mkubwa wa kupima kwa namba moja huku anayepimwa hana nafasi ya kueleza mazingira yake, na kwa upande huo fomu ya OPRAS, pamoja na uzembe wote ulioiua, ilikuwa ya haki zaidi.

Baada ya Rais John Magufuli kuingia madarakani Novemba 2015, Matokeo Makubwa Sasa yalififia na mkazo ukahamia kwenye uhakiki wa watumishi hewa na vyeti, ulioishia mwaka 2017 kwa kuondolewa watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule zilizoongoza. Katika mwaka wa fedha 2023/24 ikaja PEPMIS, ambamo mtumishi huingiza majukumu yake na hatua alizofikia kwa simu au kompyuta, msimamizi akathibitisha, na alama zikakokotolewa na mfumo.

Mfumo huo unaokoa karatasi na unazuia kujaza mwaka mzima kwa siku moja, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini kubofya kitufe cha kuthibitisha hakumlazimu mkuu wa shule au wa idara kuonana na mtu anayempima, na kwa hiyo Serikali inapaswa kuwadai wasimamizi wote kikao kile cha Desemba ambacho OPRAS ilikiagiza, ambapo wawili hao waketi na kuandika kwa pamoja kama lengo lilikwama kwa uzembe wa mtumishi au kwa fedha ambazo hazikufika.