Usawa wa mwili baada ya kiharusi

Ni uwezo wa kuketi, kusimama na kutembea bila kuanguka, ambao mgonjwa huurudisha polepole kwa mazoezi. Wapo wanaojisukuma kuelekea upande uliopooza wakidhani ndio wima. Patricia Davies aliieleza hali hiyo mwaka 1985. Ukiwavuta kwa nguvu, husukuma zaidi. Heri waketi wakitazama mwimo wa mlango, kisha wanyooshe mkono mzima kufikia kikombe kilichowekwa upande wenye nguvu. Mazingira nayo huongeza ugumu: Butembo, mashariki mwa Kongo, ni mji wa vilima, na miteremko yake humtisha hata anayetembea vizuri ndani. Kandokando ya mji jirani wa Beni, mauaji ya raia yaliyoanza Oktoba 2014 yamefanya safari za hospitali kuwa za hatari. Kwa hiyo ndugu afundishwe mapema kusimama upande dhaifu wa mgonjwa wakati wa mazoezi ya nyumbani.