Masomo ya Mbali Hayakuanza na Zoom

Wasee, mnadhani kusoma ukiwa mbali na chuo kulianza na korona? Kizazi cha babu zetu kilisoma hivyo kwa redio na posta.

Mwaka 1967 chuo cha Nairobi, kabla hakijawa chuo kikuu kamili, kilianzisha kitengo cha masomo ya posta kule Kikuyu. Walimu wa shule za msingi wasio na mafunzo walisomea nyumbani. Kijitabu kinaletwa na posta, kipindi unakisikia Sauti ya Kenya, unajibu maswali, unatuma, yanarudi yamesahihishwa. Sasa fikiria: aliyeandika kile kijitabu hakuoni. Haoni ulipokunja uso. Lazima akisie mapema utakwama wapi, aweke mfano papo hapo. Hiyo si kipaji, ni kazi mtu anafunzwa.

Machi 2020 vyuo vikafungwa. Nikarudi kwetu Ndera, upande wa Garsen, nikakaa chini ya mwembe maana ndipo mtandao unashika, nikimsikiliza lekchara akitusomea slaidi. Saa mbili! Bando likakata kwenye slaidi ya 14. Simlaumu sana; yeye mwenyewe alitupwa majini kama sisi.

Kinachoniuma, viwango vilikuwepo. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilivitoa 2014, na masomo ya mbali yana sehemu yake humo. Mwaka 2023 tukapata Chuo Kikuu Huria cha Kenya, pale Konza. Wengi mnaniuliza ada ni ngapi. Mimi ningeuliza kwanza: huyo lekchara amefunzwa kufundisha mtu asiyemwona?