Doa jekundu linalovimba kwa mtoto mchanga: lini usubiri, lini uwahi hospitali

Mtoto anazaliwa na ngozi safi. Wiki mbili au tatu baadaye linatokea doa dogo, kisha linavimba na kuwa jekundu kama nyanya iliyoiva. Tunaeleza ni nini na ufanye nini.

Ni nini?
Ni mishipa midogo ya damu iliyoota kwa wingi sehemu moja. Kitaalamu huitwa hemanjioma. Si saratani, haiambukizi, na haitokani na chakula alichokula mama wala jicho la mtu. Huwapata watoto 4 hadi 5 hivi kati ya 100, zaidi wa kike na njiti. Ikiwa ndani zaidi ya ngozi, huonekana kama uvimbe laini wa rangi ya bluu.

Hukua haraka miezi mitatu ya mwanzo. Kwa wengi huacha kukua kwenye miezi mitano, kisha hunywea polepole kwa miaka kadhaa. Ndiyo maana uvimbe mdogo wa mgongoni au mkononi mara nyingi huachwa na kufuatiliwa tu.

Doa bapa la zambarau lililopo tangu siku ya kuzaliwa ni jambo jingine. Hilo halifutiki lenyewe. Likiwa usoni, daktari alione.

Lini usisubiri?
- Uvimbe uko karibu na jicho, pua au mdomo
- Uko kidevuni au shingoni na mtoto anakoroma akivuta pumzi
- Ni mkubwa usoni, au uko kiunoni katikati
- Una kidonda au unatoka damu
- Madoa ni matano au zaidi

Uvimbe unaoziba jicho unaweza kuharibu uwezo wa kuona. Usingoje tarehe ya chanjo ya wiki ya sita, kwani wakati huo ndipo unapokua kwa kasi.

Tiba
Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, akiwemo Christine Léauté-Labrèze, walitangaza kuwa propranololi, dawa ya zamani ya moyo na presha, hufanya uvimbe huu unywee. Walimpa mtoto kwa ajili ya moyo, na kesho yake uvimbe ukaanza kulainika. Leo ndiyo tiba kuu. Hupimwa kwa uzito wa mtoto na hutumika kwa miezi sita au zaidi.

Dawa hii inaweza kushusha sukari mwilini. Mtoto anyonye kwanza. Akikataa kunyonya, akitapika au akibanwa kifua, usimpe dozi; mrudishe hospitali. Kamwe usimpe vidonge vya presha vya bibi.

Usifanye haya
Usichanje, usichome, usifunge uzi wala kupaka majani. Mishipa hiyo imejaa damu, na kidonda chake huacha kovu. Damu ikitoka, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuachia, kisha mpeleke mtoto kituoni.

Pa kwenda
Kwa walioko Kongowe, anzeni zahanati au kituo cha afya, muombe rufaa ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Tumbi. Wenye matatizo makubwa hupelekwa Muhimbili. Piga picha ya doa kwa simu kila wiki, ukiweka sarafu pembeni yake. Picha hizo zitamwonyesha daktari kasi ya kukua.