Almanaka: Amri za Ikulu, Siku za Jikoni

Mwaka 835 afisa wa dola ya Tang nchini China, Feng Su, alimlalamikia mfalme: huko Sichuan na Huainan almanaka za kuchapwa zilijaa masokoni kabla idara ya unajimu ya kifalme haijatoa ya mwaka huo. Siku zilikuwa mali ya Mwana wa Mbingu, yaani mfalme mwenyewe, sasa mchuuzi anamtangulia! Almanaka hizo zikapigwa marufuku. Almanaka moja ya kuchapwa iliyokutwa Dunhuang ni ya mwaka 877, kwa hiyo pima mwenyewe amri ile ilifika wapi.

Familia zilikitaka kitabu hicho kwa sababu kwa kila siku kinaonyesha yafaayo na yasiyofaa: kuoa, kuhama, kufungua duka, kuzika, hata kunyoa nywele. Tena siku hugongana na mnyama wa mwaka wa kuzaliwa wa mtu, hivyo siku ya heri kwa jirani yaweza kuwa nuksi kwako. Matoleo ya Hong Kong, Tung Shing, yaliongeza mifano ya barua, tafsiri za ndoto, namba za telegramu, na Kiingereza kilichoandikwa kwa herufi za Kichina kitamkwe Kikantoni. Kitabu kilitundikwa ukutani kwa uzi mwekundu.

Ikulu nayo iliogopa siku mbaya kama mtu yeyote. Padri Mjerumani Adam Schall, aliyetengeneza kalenda ya dola ya Qing ya mwaka 1645, alishtakiwa na mpinzani wake, Yang Guangxian, pamoja na mengine, kwamba idara yake ilichagua saa ya mkosi kumzika mwana mchanga wa mfalme. Mwaka 1665 akahukumiwa kifo. Tetemeko la ardhi likaitikisa Beijing, wakubwa wakaingiwa na hofu, akaachiwa. Wanajimu watano Wachina waliokuwa Wakristo hawakupata bahati hiyo, waliuawa.

Serikali za baadaye zilijaribu tena. Jamhuri ya China ilichukua kalenda ya Kizungu mwaka 1912, na kuanzia 1930 ikakataza kuuza ile ya zamani, lakini watu wakaendelea kusherehekea mwaka mpya wao wa zamani. Wakomunisti waliita mambo haya ushirikina. Mwaka 1967 hata likizo ya mwaka mpya huo ilifutwa, isirudi mpaka 1980.

Hong Kong ndiko hesabu za almanaka zilikopumua. Ukoo wa Choi, uliofungua ofisi ya almanaka ya Zhenbutang huko Guangdong mwaka 1891, ulizitoa mwaka baada ya mwaka. Choi Park Lai, wa kizazi cha tatu, alifariki mwaka 2018. Vijana sasa husoma yafaayo kwenye simu, na kumbi za harusi hujaa mapema kwa tarehe zile zile ambazo bibi zao wangezichagua.